Uwanja Unaosubiri Mwenyeji

Tarehe 2 Julai 2022 Arusha ilipokea wageni kutoka pande mbili. Yanga walipanda kutoka Dar es Salaam, ubingwa wa ligi wakiwa wameshautia kibindoni. Coastal Union walitoka Tanga na kocha wao Juma Mgunda, na kiu ya kombe iliyodumu tangu 1988, mwaka waliotwaa ubingwa wa Bara. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho, na uwanja ulikuwa Sheikh Amri Abeid, Kaloleni. Siku hiyo Abdul Suleiman, kijana ambaye mashabiki wanamwita Sopu, aliifunga Yanga mabao matatu peke yake. Mchezaji anayeifunga Yanga mabao matatu katika fainali kwa kawaida huondoka na kombe, lakini Sopu aliondoka na mpira tu. Dakika 120 ziliisha kwa sare ya 3-3, na kwenye matuta Yanga wakashinda 4-1.

Miaka minne kabla ya hapo, Juni 2018, uwanja huohuo ulishuhudia jambo adimu zaidi: fainali isiyo na Simba, Yanga wala Azam. Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, chini ya Zubeir Katwila, iliifunga Singida United 3-2 na kubeba kombe. Miwa ilishinda alizeti, na aliyepata tiketi ya kwenda kuiwakilisha Tanzania barani Afrika alikuwa mtu wa mkoani.

Katika fainali zote mbili Arusha iliandaa chai, ikatandika jamvi, ikajaza majukwaa, lakini haikuwa na mtoto wake uwanjani. Sura hii inauliza kwa nini. Mji wenye uwanja mkubwa katikati yake, wenye watalii, wenye biashara ya tanzanite, wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wenye machalii wanaocheza mpira kila jioni katika viwanja vya Soweto hatua chache kutoka hapo, umeshindwa kwa miongo mingi kuiweka timu yake Ligi Kuu ikakaa. Jibu ninaloliamini linapatikana ndani ya kata hiyohiyo ya Kaloleni, upande wa pili wa barabara.

Tuanze na uwanja wenyewe. Viwanja vyetu vingi vya mikoani vimebeba majina ya viongozi wa siasa au ya matukio ya taifa: Sokoine kule Mbeya, Kambarage Shinyanga, Samora Iringa, Majimaji Songea, Ali Hassan Mwinyi Tabora. Wa Arusha umebeba jina la mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Lakini wanafunzi wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, ambacho mpaka leo ndicho kinachofunguliwa watu wanapobishana kuhusu vina na mizani. Alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40. Ninapenda kwamba maelfu ya watu wanaoingia pale kupiga kelele wanapita chini ya jina la mtu aliyeilinda lugha wanayopigia hizo kelele.

Uwanja huo haumilikiwi na halmashauri wala na klabu yoyote. Ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama ilivyo CCM Kirumba ya Mwanza, Mkwakwani ya Tanga, Sokoine, Lake Tanganyika ya Kigoma na vingine vingi. Vilijengwa enzi ya chama kimoja, kwa nguvu na michango ya wananchi wa mikoa hiyo, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa chama. Sitaingia kwenye mjadala wa kisiasa juu ya hilo. Umeandikwa vya kutosha na utaandikwa tena. Hapa ninalitazama suala hili kwa jicho la mpira tu. Ukiuzunguka ukuta wa Sheikh Amri Abeid kwa nje, utapita fremu za maduka moja baada ya nyingine: simu, nguo, vipuri, vifaa vya umeme. Ni biashara inayochangamka siku za juma kuliko siku za mechi. Kodi ya fremu hizo inamwendea mwenye uwanja. Timu ya Arusha inayotaka kucheza ndani inaingia kama mpangaji wa siku moja, inalipia matumizi, inacheza, inaondoka. Mashabiki 5,000 wakija au wasije, duka la simu litafunguliwa kesho yake asubuhi na kodi italipwa, na hakuna hata senti moja itakayonunua jozi ya viatu vya beki wa kushoto wa timu ya nyumbani.

Kumbuka hilo la mpangaji, kwa sababu nitaomba tusafiri mbali kidogo, hadi Ufaransa.

Kuna mji unaitwa Auxerre, kusini mashariki ya Paris, kando ya mto Yonne. Wakazi wake ni kama 35,000, yaani ukiwakusanya wote wasingetosha kuujaza ule uwanja wa Dar es Salaam wenye viti 60,000. Mwaka 1905 padri mmoja wa Kikatoliki, Ernest Deschamps, alianzisha klabu kwa ajili ya vijana wa mji huo. Kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko kuanzisha klabu: alitafuta ardhi nje kidogo ya mji na kuhakikisha inakuwa ya klabu. Uwanja ulioota kwenye ardhi hiyo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 1961 klabu hiyo, ikiwa bado inacheza madaraja ya mtaani, ilimpa kazi ya ukocha kijana wa miaka 22 aitwaye Guy Roux. Alikaa, ukiacha mapumziko mafupi, hadi 2005. Akaipandisha daraja baada ya daraja mpaka Ligi Kuu mwaka 1980. Akajenga kituo cha kulea vijana, akawatoa Eric Cantona na Basile Boli, akawauza wakubwa na kulea wengine. Mwaka 1996 Auxerre ilitwaa ubingwa wa Ufaransa na kombe la taifa kwa pamoja. Ilishuka daraja 2012, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena 2024. Kushuka hakukuiua, maana ilipoanguka iliangukia kwenye ardhi yake yenyewe.

Kuna mfano mdogo hata kuliko huo. Guingamp, kule Brittany, una watu kama 7,000, pungufu ya kata nyingi za Jiji la Arusha, na uwanja wenye viti vinavyozidi idadi ya wakazi wake mara mbili. Timu yake imelitwaa Kombe la Ufaransa mara mbili, 2009 na 2014. Mara ya kwanza ilikuwa daraja la pili.

Sileti mifano hii kuwaambia watu wa Arusha kwamba Wafaransa ni hodari kuliko wao. Ninaileta kwa sababu inavunja kisingizio kimoja ambacho kinasemwa sana vijiweni, kwamba mpira mkubwa ni wa miji mikubwa na mikoani hakuna pesa. Pesa za Arusha zinazidi za Guingamp kwa mbali ukihesabu watu na biashara. Kilichokosekana ni mwenye timu ambaye haendi popote.

Tulikuwa naye kwa muda. Hapo ndipo tunavuka barabara.

Karibu na uwanja, kwenye mzunguko wa Mnara wa Azimio, kuna jengo la chini la kawaida ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Zamani lilikuwa ukumbi wa ustawi wa jamii. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 na kupitisha Azimio, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Wanahistoria wa uchumi huandika juu ya mabenki yaliyotaifishwa, mashamba ya mkonge, viwanda. Ni wachache wanaoandika kwamba mkutano ule ulibadilisha pia mpira wa miguu wa Tanzania, na hasa wa mikoani.

Ligi ya taifa ilikuwa imeanza miaka miwili tu kabla, 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, timu ambayo mwaka 1971 ilichukua jina la Simba. Ilikuwa ligi ya Dar es Salaam kwa kila hali. Azimio lilizaa mashirika ya umma, na mashirika ya umma yakazaa timu. Shirika lilikuwa na mabasi, lilikuwa na nyumba za wafanyakazi, lilikuwa na fungu la ustawi, na zaidi ya yote lilikuwa na ajira. Mchezaji aliandikishwa kama karani, fundi au mlinzi wa ghala, akapokea mshahara wa kila mwezi, na jioni akaenda mazoezini. Soma majina ya timu za miaka ya sabini na themanini utaona orodha ya waajiri: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara, RTC ya Kagera na RTC ya Kigoma, Sigara ya Dar es Salaam. Pamba ililimwa, ikachambuliwa, ikauzwa, na sehemu ya bei yake ikavaa jezi.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa. Majimaji ya Songea, Wanalizombe, wakachukua ubingwa wa Muungano 1985 na 1986. Mwaka huo wa 1986 Tukuyu Stars, kutoka mji mdogo wa milimani wilayani Rungwe, ilipanda Ligi Kuu na hapohapo ikawa bingwa wa Bara. Miaka miwili baadaye Coastal Union. Ukiwasikiliza wazee wanaosema mpira wa zamani ulikuwa mtamu, usiwapuuze ukidhani ni kawaida ya uzee. Wana hoja: katika miaka ya themanini Simba na Yanga zilikuwa zinakwenda mikoani zikiwa na hofu ya kweli.

Lakini Tukuyu Stars hiyohiyo, bingwa wa 1986, ilishuka daraja mwaka uliofuata. Hata katika neema ile kulikuwa na timu zilizosimama kwa shauku ya mji bila mwajiri thabiti nyuma yake, na zilipochoka zilichoka ghafla.

Azimio lenyewe likachoka. Mwaka 1991 chama kilikutana Zanzibar na kulegeza masharti yake, na katika miaka iliyofuata mashirika yakabinafsishwa, yakafilisika au yakafungwa. Arusha iliumia sana kwa hili. General Tyre, kiwanda cha matairi kilichokuwa fahari ya mji, kilisinzia na hatimaye kikafungwa mwaka 2009. Kiltex, kiwanda cha nguo, nacho kikanyamaza. Mji ukahamia kwenye utalii, biashara yenye pesa nyingi lakini inayotawanyika: kampuni nyingi za safari, kila moja na magari yake na wageni wake, hakuna hata moja iliyo kubwa kiasi cha kubeba timu peke yake na hakuna iliyofikiria kushirikiana na jirani. Timu za mashirika zikafa moja moja nchi nzima. Zilizobaki zikiwa hai zilikuwa za viwanda vilivyosalimika, kama Mtibwa Sugar, iliyotwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na Kagera Sugar. Na za majeshi, ambayo hayabinafsishwi.

Basi hapo ndipo historia ya Arusha inapoingia katika awamu ya wanajeshi. Wazee wa Kaloleni wataanza na majina ya Ndovu na Palsons, na wana haki ya kuanza nayo. Kwa kizazi cha sasa, timu iliyobeba jina la mji ni AFC, Arusha Football Club. Ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2010/11, ikashuka. Msimu uliofuata Arusha ikapata mrithi: Oljoro JKT, timu ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, 833 KJ, iliyoko kusini mwa mji. Oljoro ilidumu misimu mitatu, 2011/12 hadi 2013/14, ikashuka pamoja na Ashanti United na Rhino Rangers ya Tabora. Tangu hapo, zaidi ya miaka kumi, Sheikh Amri Abeid haujawa na timu ya nyumbani Ligi Kuu.

Tazama jinsi timu hizi mbili zilivyopishana mlangoni. Moja ilikuwa ya mji na haikuwa na mwajiri. Nyingine ilikuwa na mwajiri imara, mishahara ya kijeshi, nidhamu na kambi, lakini mji haukuiona kama yake. Nimewasikia watu wa Arusha wakisema kuhusu Oljoro, "ile ni ya jeshi," kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Hawakuichukia. Waliishangilia ilipocheza vizuri. Ila siku Simba au Yanga zilipokuja, kitambaa chekundu au cha kijani na njano kilitoka kabatini, na mwenyeji akageuka mgeni nyumbani kwake.

Hili la Simba na Yanga lina mizizi mirefu kuliko televisheni. Yanga ilianzishwa 1935, Simba mwaka mmoja baadaye, na kwa miongo kadhaa sauti pekee ya mpira iliyofika kila kijiji ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Mtoto wa Meru aliyelala na redio ya betri chini ya mto alimjua mshambuliaji wa Jangwani kabla ya kumjua golikipa wa mtaa wake. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walichora uwanja mzima kwa maneno, na uwanja waliouchora mara nyingi ulikuwa wa Dar es Salaam. Mapenzi yaliyoingia kwa sikio yakarithishwa. Leo katika nyumba moja ya Kaloleni unamkuta babu wa Yanga, mama wa Simba na kijana wa Yanga, na ukiwauliza AFC inacheza daraja gani watatazamana.

Hiyo ina gharama ya shilingi. Timu ya mkoani hutegemea mechi mbili kwa mwaka kujaza uwanja, ya Simba na ya Yanga, na mashabiki wengi wanaolipa kiingilio siku hizo wanalipa kuitazama timu pinzani. Mechi zilizobaki zinachezwa mbele ya majukwaa yenye nafasi. Wakati huohuo gharama za safari hazingoji: kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 kwa basi, na ratiba inaweza kukupeleka Mtwara, ikakurudisha, kisha ikakutuma Bukoba. Haki za matangazo zimesaidia sana. Mkataba wa Azam na TFF wa mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umeziokoa timu nyingi kulala njaa kambini. Lakini ni pesa ya walio juu. Ukishuka, bomba linakauka.

Ndiyo maana safari ya Madini FC inastahili kukumbukwa. Mwaka 2017 timu hii ya Arusha, ikiwa ligi daraja la pili, ilipita hatua baada ya hatua katika Kombe la Shirikisho hadi robo fainali, na kura ikawaletea Simba, nyumbani, Kaloleni. Ilikuwa Machi. Tofauti ya mishahara kati ya timu zile mbili haisemeki. Simba ilishinda, lakini kwa bao moja tu, la Mrundi Laudit Mavugo. Bao moja. Wachezaji ambao wengi wao hakuna aliyekuwa akiyajua majina yao nje ya mkoa walimtoa jasho kigogo wa Msimbazi kwa dakika tisini. Simba ilikwenda mbele mpaka ikalichukua kombe mbele ya Mbao FC ya Mwanza. Madini ilirudi kwenye ligi yake, ambako hakuna kamera.

Mtu anaweza kusema labda Arusha si mkoa wa mpira, ni mkoa wa riadha. Kuna ukweli ndani yake. Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambako wakati ule kulikuwa ndani ya mkoa huohuo, alimaliza marathoni ya Meksiko 1968 akiwa na goti lililofungwa bendeji, na dunia nzima inaikumbuka picha ile. Uwanda wa juu unazaa mapafu. Lakini sikubali kwamba mapafu hayo hayajui kucheza na mpira. Mashindano ya vijana ya Rolling Stone, yaliyopata umaarufu hapahapa Arusha, yamekutanisha watoto wa Afrika Mashariki na Kati kwa miaka mingi, na mawakala wa klabu kubwa huja kutazama. Vipaji vipo, na vinaondoka kwa basi la asubuhi kwa sababu hakuna timu ya juu ya kuvipokea kabla ya kufika Dar es Salaam.

Katika miaka ya karibuni imeibuka dawa nyingine ya umaskini wa timu za mikoani, nayo ni tajiri mmoja. Tajiri huja na basi jipya, makocha wa kigeni na wachezaji wa nchi tano. Sina ugomvi na tajiri anayependa mpira. Nchi nyingi zimefaidika naye. Ninachokiogopa ni magurudumu. Ihefu ilizaliwa na kupendwa Mbarali, Mbeya. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Ile iliyokuwa Singida ikijulikana kama Singida Fountain Gate ikaondoka, na msimu wa 2024/25 ikawa inacheza Babati, mkoani Manyara, kama Fountain Gate. Watu wa Mbarali waliokaa juani wakiishangilia timu yao hawakuulizwa. Na Singida United, ile iliyocheza fainali Kaloleni 2018? Ilishuka daraja 2020, mwaka mmoja na Lipuli ya Iringa, iliyokuwa imecheza fainali ya kombe hilohilo 2019, na Mbao, iliyocheza ya 2017. Timu tatu za mikoani zilizofika kilele, zote zikaporomoka msimu mmoja. Anayedhani hiyo ni bahati mbaya tu hajazitazama hesabu zao.

Mfano unaonipa matumaini uko Mbeya na Mwanza. Mbeya City ni timu ya Halmashauri ya Jiji. Ilipanda msimu wa 2013/14 na mwaka wake wa kwanza ikashika nafasi ya tatu, juu ya Simba. Mji mzima ulivaa zambarau. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Simba na Yanga zilifika Sokoine zikakuta wenyeji ni wengi kuliko wageni. Mwanza nayo iliichukua ile Pamba ya zamani, iliyotokomea baada ya zama za mashirika, Jiji likailea kwa jina la Pamba Jiji, na mwaka 2024 ikarudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20. Mbeya City ilishuka 2023, lakini ikarudi 2025. Mtibwa ilishuka 2024, nayo ikarudi 2025. Kiwanda kilikuwa palepale Turiani. Jiji lilikuwa palepale Mbeya. Kama Auxerre, zilianguka mahali pao na zikainukia palepale.

Arusha haijafanya hivyo. Msimu wa 2024/25 ilikuwa na timu mbili katika ligi ya Championship, Mbuni na TMA Stars, na hiyo ya pili jina lake linatokana na Chuo cha Kijeshi cha Monduli. Mpira wa Arusha bado unabebwa na watu wenye magwanda, na wanastahili shukrani. Msimu huohuo Ligi Kuu ilirudi Kaloleni, lakini kwa njia inayouma: Coastal Union, Mkwakwani yao ikiwa kwenye matengenezo, waliomba hifadhi Sheikh Amri Abeid. Tarehe 1 Machi 2025 Simba walikuja na Steven Mukwala, Mganda, akawafunga Coastal mabao matatu. Watu wa Arusha walijaa kuwatazama watu wa Tanga wakiwa wenyeji.

Na sasa kuna uwanja wa pili. Uko Olmoti, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania inaliandaa pamoja na Kenya na Uganda. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa 2024 na kampuni ya China Railway Construction Engineering Group, kwa shilingi bilioni 286, na utachukua watu 30,000. Safari hii mwenye mali ni serikali, si chama. Mataifa yatakuja, yatacheza, yataondoka ndani ya wiki chache, na nyasi zitabaki.

Kwa hiyo swali la nani atakuwa mwenyeji wa Olmoti siku ya kwanza baada ya mashindano lazima lijibiwe kwa karatasi kabla ya mashindano. Halmashauri ya Jiji inaweza kuichukua AFC, jina ambalo mji tayari unalijua, na kuipa haki ya upangaji wa miaka mingi, pamoja na fungu la mapato ya maegesho na ya maduka yatakayozunguka uwanja, kwa kodi inayolipika na timu ya daraja la chini. Kampuni za utalii zinaweza kuchangia kwa pamoja kupitia chama chao, kila moja kidogo, badala ya kungoja moja ijitose. Madiwani wa Kaloleni wanaweza kuibana CCM nayo itoe sehemu ya kodi ya fremu za Sheikh Amri Abeid kwa timu za vijana za kata, kwa sababu ukuta wanaopangisha ulijengwa na babu za vijana hao. Hayo yote hayahitaji sheria mpya wala tajiri mpya. Yanahitaji kikao cha Baraza la Madiwani chenye ajenda hiyo moja, na kiitishwe mapema.